Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara aliyewaachia wagonjwa mali yake

Barabara ipitayo Tegeta na Bunju kuelekea kaskazini hutufikisha Bagamoyo, mji ambao sisi Wakatoliki tumezoea kuukumbuka kwa Msalaba uliosimikwa pwani na kwa Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliofika mwaka 1868. Katika mji huohuo, miaka ileile, aliishi mtu asiyekuwa wa Kanisa letu ambaye kazi yake ingali inawagusa wagonjwa wa Dar es Salaam. Huyo ni Sewa Haji Paroo.

Alizaliwa mwaka 1851, katika ukoo wa Makhoja Waismailia uliotoka Kachi, magharibi mwa India. Wazee wake walivuka bahari wakahamia Unguja, wakafungua duka huko na baadaye Bagamoyo. Kijana Sewa aliingia katika biashara ya nyumbani kwao mapema. Biashara yenyewe ilitegemea misafara ya bara. Aliyetaka kwenda Unyanyembe au maziwa makuu alihitaji nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti, tena alihitaji wapagazi wa kubeba hayo yote. Sewa Haji aliuza bidhaa, akatafuta wapagazi, na misafara iliporudi akanunua pembe za ndovu. Faida ilikuwapo kwenda na kurudi.

Mwaka 1871 alifika Henry Morton Stanley, aliyekuwa anamtafuta Livingstone. Tajiri mkubwa wa Unguja, Tharia Topan, alimwelekeza kwa kijana huyu aliyekuwa na umri wa miaka kama ishirini tu. Uhusiano wao haukuwa mwema. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka uliofuata, Stanley alimchora kijana huyo kama mlaghai aliyezidisha hesabu na kuchelewesha wapagazi kwa makusudi. Ni haki kumsoma Stanley kwa tahadhari, kwa maana hakuwa mpole kwa yeyote aliyemchelewesha, na upande wa pili haukuandika kitabu. Hata hivyo si haki pia kuyafuta malalamiko hayo kwa sababu tu mshtakiwa alikuja kuwa mfadhili.

Lipo na jambo zito zaidi, ambalo wanaomsifu Sewa Haji hupenda kulipita kimya. Biashara ya pembe na ile ya watumwa zilitembea njia moja. Bunduki na baruti zilizoingia bara kutoka pwani zilitumika kuwinda tembo, na zilitumika pia kuteka watu. Sultani Barghash alipiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini mwaka 1873, lakini huko bara mateso hayakukoma siku hiyo. Wamisionari wa Bagamoyo walikuwa wakiwakomboa watumwa na kuwapa makao, huku hatua chache kutoka hapo maduka yakiendelea kuwauzia baruti wenye misafara. Utajiri wa Sewa Haji ulikua ndani ya hali hiyo. Mali aliyoigawa baadaye ilitoka humo, na hatuna haja ya kulificha hilo ili kumheshimu.

Wadachi walipoitwaa pwani, na vita vya Abushiri vya 1888 na 1889 vilipokwisha, yeye alikuwa miongoni mwa matajiri wakuu wa nchi. Hapo ndipo tunamwona akitoa. Bagamoyo alijenga hospitali. Alitoa pia nyumba iwe shule na kuikabidhi serikali, ila kwa sharti moja: watoto wa kila rangi wapokewe. Tulitafakari sharti hilo. Huu ulikuwa wakati ambao watawala waliwapanga watu kwa asili yao katika karibu kila jambo, na aliyelidai alikuwa Mhindi chini ya utawala wa Wazungu, asiye na cheo chochote isipokuwa mali yake. Mimi naona hilo kuwa kubwa kuliko jengo lenyewe.

Alifariki dunia Zanzibar mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 46 hivi. Majengo aliyokuwa nayo Bagamoyo na Dar es Salaam aliyaacha mikononi mwa serikali, mapato yake yawahudumie wakoma na wagonjwa maskini. Wakoma, kumbukeni, ndio ambao wengi waliwaogopa hata kuwakaribia.

Mwaka huohuo wa 1897 Dar es Salaam ilipata hospitali mbili. Moja, ya Ocean Road, ilijengwa mbele ya bahari kwa ajili ya Wazungu. Nyingine ilikuwa ya Waafrika na Wahindi, nayo iliitwa kwa jina la Sewa Haji, kwa kuwa ilitokana na sadaka yake. Kwa karibu miaka 60 wananchi wa mji huu walizaliwa, wakatibiwa na wakafia humo, chini ya Wadachi na kisha chini ya Waingereza. Mwaka 1956 huduma zilihamishiwa katika hospitali mpya iliyopewa jina la Binti Mfalme Margaret wa Uingereza. Baada ya Uhuru jina la binti mfalme liliondolewa, na hospitali ikaitwa Muhimbili. Jina la mfanyabiashara halikuondolewa. Mgonjwa anayelazwa Muhimbili leo aweza kuambiwa kwamba kitanda chake kipo Sewahaji.