Einstein na mshipa wa tumbo uliomuua

Ukisikia jina la Albert Einstein, unawaza hesabu na fizikia. Sisi huku Kongo tuko ndani ya historia yake: barua aliyosaini Agosti 1939 kwa Rais Roosevelt wa Marekani ilitaja madini ya urani ya Kongo ya Wabelgiji. Leo tuongelee tumbo lake, maana njo kulitoka kifo chake.

Einstein alizaliwa Ulm, Ujerumani, tarehe 14 Machi 1879. Wanazi walipochukua utawala mwaka 1933, hakurudi tena kwao. Aliishi Princeton, Marekani. Miaka mingi tumbo lilimuuma, maumivu yanakuja na kuondoka, pamoja na kutapika.

Mwishoni mwa 1948, munganga Rudolf Nissen alimpasua ku hospitali ya Brooklyn, New York. Nissen naye alikuwa mkimbizi: alitoka Ujerumani mwaka 1933, akapitia Istanbul. Alikuta aorta, ule mshipa mkubwa unaoshusha damu toka moyoni, umevimba ndani ya tumbo sawa na chungwa kubwa. Ukuta wa mshipa ukichoka, unatuna kama mpira wa ndani wa gurudumu. Ukipasuka, damu inamwagika ndani, na mtu anaweza kufa kwa saa chache.

Wakati ule waganga hawakuwa bado na njia ya kuubadilisha. Nissen aliuzungushia sellofani, ili kovu liote na kuushikilia. Einstein akaishi zaidi ya miaka sita.

Aprili 1955 uvimbe ukaanza kuvuja. Huko Paris, Charles Dubost alikuwa amekwisha kufaulu mwaka 1951 kukata mshipa kama huo na kuweka mwingine. Einstein akashauriwa apasuliwe, akakataa. Alikufa tarehe 18 Aprili, akiwa na miaka 76.

Leo ekografi inaonyesha uvimbe huo bila kisu. Ukiwa mdogo, munganga anaupima mara kwa mara. Ukiwa mkubwa, anaupasua ao anaweka bomba ndani ya mshipa. Walio hatarini zaidi ni wanaume wa miaka 65 na zaidi waliovuta tumbaku. Einstein mwenyewe alipenda kiko.

Kwa hiyo, mzee akishikwa ghafla na maumivu makali ya tumbo ao mgongo, pamoja na kizunguzungu, musimpe dawa ya minyoo mukingoja asubuhi. Mumpeleke hospitali usiku ule ule.