Robert Watson-Watt

Sir Robert Alexander Watson-Watt (13 Aprili 1892 – 5 Desemba 1973) alikuwa mhandisi na mwanafizikia kutoka Uskoti, Ufalme wa Muungano. Anajulikana hasa kwa mchango wake katika kuunda rada ya kugundua ndege kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alikuwa pia miongoni mwa watu wa kwanza kueleza kwamba haitoshi kujua kuwa kuna ndege angani, bali ni lazima kujua ni ndege ya nani. Kutokana na hitaji hilo kilitengenezwa chombo cha kujitambulisha ambacho baadaye kilikuwa transponda ya ndege za kiraia.

Maisha ya awali

Watson-Watt alizaliwa katika mji mdogo wa Brechin, mashariki mwa Uskoti. Baba yake alikuwa seremala. Alisoma katika shule za Brechin, kisha akaenda Chuo cha Dundee, kilichokuwa wakati ule sehemu ya Chuo Kikuu cha St Andrews. Alihitimu shahada ya uhandisi mwaka 1912. Baada ya hapo alikuwa msaidizi wa profesa William Peddie, ambaye alimhimiza kuchunguza mawimbi ya redio.

Utafiti wa radi

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia aliajiriwa na idara ya hali ya hewa ya Uingereza. Marubani wa wakati huo waliruka katika ndege nyepesi, na dhoruba za radi ziliwahatarisha sana. Watson-Watt alijua kwamba kila radi hutoa mawimbi ya redio, hivyo akatafuta njia ya kutambua upande yanakotoka ili marubani waonywe mapema. Kwa kuwa radi hupita kwa muda mfupi mno, alitumia kioo cha miale ya kathodi kilichoonyesha alama yake papo hapo. Ujuzi huo ulimfaa baadaye alipoanza kufuatilia ndege. Katika miaka ya 1920 aliongoza utafiti wa redio karibu na mji wa Slough, na mwaka 1926 alipendekeza jina la ionosfia kwa tabaka la angahewa linalorudisha mawimbi ya redio duniani.

Kuundwa kwa rada

Mwanzoni mwa mwaka 1935 Wizara ya Anga ya Uingereza ilimwuliza kama mawimbi ya redio yanaweza kutumiwa kama miale ya kuua marubani wa adui. Watson-Watt alimpa msaidizi wake Arnold Wilkins hesabu ya nguvu inayohitajika kupasha moto lita 4 na nusu hivi za maji kutoka mbali, kutoka joto la kawaida la mwili hadi joto la homa kali. Wilkins alitambua shabaha ya swali hilo, akaonyesha kwamba jambo haliwezekani. Hata hivyo alikumbuka kwamba mafundi wa posta walikuwa wamelalamika kwamba mawasiliano yao ya redio yalivurugika kila ndege ilipopita karibu. Hivyo wazo la kuua likaachwa, na wazo la kugundua likashika nafasi yake.

Tarehe 12 Februari 1935 Watson-Watt aliwasilisha maelezo ya njia hiyo kwa wizara. Jaribio lilifanyika tarehe 26 Februari karibu na Daventry, ambako kituo cha BBC kilikuwa kikirusha mawimbi mafupi. Ndege ya mabomu aina ya Heyford ilipita, na mwangwi wake ukaonekana hadi umbali wa kilomita 13 hivi. Serikali ilitoa fedha, na kazi ikaendelea Orfordness na baadaye Bawdsey, ambako Watson-Watt alikuwa mkuu wa kituo.

Hakuwa mtu wa kwanza kufikiria kugundua vitu kwa mwangwi wa redio. Mjerumani Christian Hülsmeyer alikuwa ameonyesha chombo cha kugundua meli tangu mwaka 1904, na nchi nyingine zilifanya utafiti wao kwa siri katika miaka ya 1930. Sifa ya Watson-Watt ni kwamba aliharakisha kazi hadi ikawa mfumo kamili unaotumika. Aliona heri chombo chenye kasoro kinachofika kwa wakati kuliko chombo bora kinachofika baada ya vita kwisha. Vita vilipoanza mwaka 1939, mlolongo wa vituo ulioitwa Chain Home ulikuwa tayari unalinda pwani za mashariki na kusini za Uingereza. Mwaka 1940 vituo hivyo vilisaidia jeshi la anga kupeleka ndege chache mahali zilipohitajika.

Tatizo la utambulisho

Rada ya kawaida huona mwangwi tu, na mwangwi wa rafiki hufanana na wa adui. Watson-Watt alilitaja tatizo hili katika maelezo yake ya mwaka 1935, akapendekeza kila ndege ya kirafiki ibebe kiakisi kinachobadilisha mwangwi wake. Majaribio yalionyesha kwamba kiakisi peke yake hakitoshi.

Hatari yenyewe ilionekana tarehe 6 Septemba 1939, siku ya 3 baada ya Uingereza kutangaza vita. Ndege za Uingereza zilidhaniwa kuwa za Wajerumani, ndege nyingine zikatumwa kuzikabili, na Hurricane 2 zikaangushwa na Spitfire za jeshi lilelile. Rubani mmoja alikufa. Hapakuwa na ndege ya adui hata moja. Wakati huo ndege nyingi zilikuwa bado hazijafungwa chombo cha kujitambulisha, na tukio hilo liliongeza haraka ya kuzifunga.

Chombo kilichotumika kilipokea mawimbi ya rada na kuyarudisha yakiwa na nguvu zaidi, hivyo alama ya ndege ikabadilika kwenye kioo. Baadaye wahandisi wengine, miongoni mwao Frederic Calland Williams, walitengeneza aina iliyotumia masafa yake yenyewe, tofauti na yale ya rada.

Kutoka vita hadi usafiri wa kiraia

Baada ya vita mfumo huo uliendelezwa kwa ajili ya usafiri wa kiraia. Kituo cha ardhini huuliza kwa masafa ya megahezi 1030, na transponda hujibu kwa megahezi 1090. Mwongoza ndege humpa rubani msimbo wa tarakimu 4, kila tarakimu ikiwa kati ya 0 na 7, hivyo kuna misimbo 4,096. Msimbo 7500 humaanisha utekaji nyara, 7600 redio kuharibika, na 7700 hatari. Transponda nyingi hutuma pia kimo cha ndege.

Umuhimu wa kimo ulionekana tarehe 31 Agosti 1986 huko Cerritos, karibu na Los Angeles, Marekani. Ndege ndogo aina ya Piper iliingia kwa bahati mbaya, bila ruhusa, katika anga linalodhibitiwa la jiji hilo. Transponda yake haikutuma kimo, na mwongoza ndege hakuitambua. Iligongana na ndege ya abiria aina ya DC-9 iliyokuwa ikishuka kutua. Watu 82 walikufa, 15 kati yao wakiwa ardhini. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba mfumo wa kuongoza ndege wa wakati huo haukuweza kutoa kinga ya kutosha. Baadaye Marekani iliagiza ndege zinazoruka karibu na viwanja vikubwa ziwe na transponda inayotuma kimo, na ndege kubwa za abiria ziwe na chombo cha kuonya juu ya mgongano. Chombo hicho hutegemea majibu ya transponda za ndege nyingine.

Maisha ya baadaye na kifo

Watson-Watt alipewa cheo cha Sir mwaka 1942. Baada ya vita serikali ilimlipa tuzo ya pauni 50,000 hivi kwa uvumbuzi wake. Katika miaka ya 1950 alihamia Kanada, ambako inasimuliwa kwamba polisi walimkamata kwa mwendo kasi baada ya kupima gari lake kwa rada. Kitabu chake kuhusu kazi ya rada kilitoka mwaka 1957.

Alioa mara 3. Mke wake wa mwisho, waliyeoana mwaka 1966, alikuwa Katherine Trefusis-Forbes, mkuu wa kwanza wa kikosi cha wanawake cha jeshi la anga la Uingereza. Wanawake wengi wa kikosi hicho walikuwa wasomaji wa vioo vya rada wakati wa vita. Katherine alifariki mwaka 1971.

Watson-Watt alifariki Inverness akiwa na umri wa miaka 81, akazikwa Pitlochry. Sanamu yake ilizinduliwa Brechin mwaka 2014.