Karl Jansky

Karl Guthe Jansky (22 Oktoba 1905 – 14 Februari 1950) alikuwa mwanafizikia na mhandisi wa redio kutoka Marekani. Alikuwa mtu wa kwanza kutambua mawimbi ya redio yanayotoka nje ya mfumo wa Jua, na hivyo anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa astronomia ya redio.

Maisha

Alizaliwa Norman, Oklahoma, ambako baba yake alifundisha uhandisi katika chuo kikuu. Alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1928 aliajiriwa na maabara ya kampuni ya simu ya Bell katika jimbo la New Jersey. Tangu ujana alisumbuliwa na ugonjwa wa figo.

Ugunduzi

Kampuni ilimpa kazi ya kuchunguza kelele zilizovuruga simu zilizopitishwa kwa redio kuvuka Atlantiki. Alijenga antena ya kupokea mawimbi yenye urefu wa mita 14.6, akaiweka juu ya magurudumu ya gari ili izunguke. Alitofautisha kelele za radi za karibu, za radi za mbali, na mvumo hafifu usiokoma.

Mwanzoni alidhani mvumo huo unatoka kwenye Jua. Lakini ulifikia kilele kila baada ya saa 23 na dakika 56, muda ambao nyota hurudi mahali pale pale angani, ilhali Jua huchukua saa 24. Mwaka 1933 alitangaza kwamba chanzo chake kiko katika Njia Nyeupe, hasa upande wa kundinyota la Mshale, kwenye kitovu cha galaksi yetu.

Alipendekeza kujengwa kwa antena ya sahani yenye kipenyo cha mita 30, lakini kampuni ilimpangia kazi nyingine. Wanaastronomia wachache tu walijali habari zake. Mhandisi Grote Reber ndiye aliyeendeleza kazi hiyo, kwa sahani aliyoijenga mwenyewe nyumbani kwake mwaka 1937. Jansky alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na umri wa miaka 44.

Urithi

Mwaka 1967 darubini ya redio ya Cambridge, Uingereza, iligundua pulsari, yaani nyota ya nyutroni inayozunguka na kutoa mapigo ya redio. Mwaka 1987 pulsari ya kwanza ndani ya fungunyota tufe, yaani kundi la nyota nyingi zilizosongamana kama mpira, ilipatikana katika M28. Huzunguka zaidi ya mara 300 kwa sekunde. M28 iko katika Mshale, kundinyota lile lile alilolitaja Jansky.

Kipimo cha nguvu ya mawimbi ya redio kutoka angani huitwa janski kwa heshima yake.