DAKTARI WA JICHO MOJA ALIYEONA MBALI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wasomaji wapenzi, leo nawasimulia maisha ya Dkt. Denis Burkitt, mtu ambaye makala yake ya maana sana ilipotoka haikushughulisha watu wengi. Hakukata tamaa.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 mjini Enniskillen, Ireland. Akiwa na umri wa miaka 11, wavulana walirushiana mawe njiani, jiwe moja likampiga kwenye miwani na akapoteza jicho. Alipofika chuo kikuu mjini Dublin alianza na uhandisi, kisha akageukia udaktari. Baadaye aliomba kazi ya serikali Afrika Magharibi akakataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumikia jeshi la Uingereza kama daktari hapa Kenya na pia katika nchi ya Wasomali, kwa hivyo jua kama letu alilijua vizuri! Mwaka wa 1946 alikwenda Uganda, kwanza Lira, halafu Hospitali ya Mulago, Kampala.

Siku moja mwaka wa 1957, Dkt. Hugh Trowell alimwita amwangalie mtoto wa miaka mitano. Mataya ya mtoto huyo yalikuwa yamevimba pande zote nne. Burkitt hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Haikupita muda, akiwa katika hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule. Basi akaanza kupekuapekua mafaili ya wagonjwa. Akagundua kuwa watoto wengi walikuwa wakifa kwa saratani hiyo, na kila daktari alikuwa ameiandika kwa jina lake tofauti.

Mwaka wa 1958 alichapisha makala katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza. Wengi waliipita tu. Je, wewe ungefanya nini? Burkitt alituma barua zenye picha za wagonjwa kwa hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama wameona ugonjwa huo. Kila jibu alilitia alama kwenye ramani. Mwezi wa Oktoba 1961, yeye na madaktari wawili rafiki zake, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia kwenye gari kuukuu wakasafiri kilomita 16,000 hivi kwa wiki kumi, kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali.

Ramani ile ilisema mengi. Ugonjwa ulipatikana sana mahali penye joto na mvua ya kutosha, pale pale malaria inapotawala. Nyanda za juu zenye baridi hazikuwa nao sana, wala sehemu kame. Kwa kipimo hicho, Wajir yetu ina joto la kuzidi lakini mvua haifiki. Hapo ndipo nilipofahamu kuwa hata ukame ni habari ya kuandikwa.

Mwezi wa Machi mwaka huo huo, kabla ya safari, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo mtafiti Anthony Epstein. Epstein aliomba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Uganda, na mwaka wa 1964 yeye na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, wakatangaza virusi vipya. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Fauka ya hayo, Burkitt alijaribu dawa za saratani Kampala na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Leo mtoto akifikishwa hospitali mapema na dawa zikiwepo, tumaini ni kubwa. Kwa hivyo tusimweke nyumbani mtoto aliyevimba taya.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka wa 1966, akaandika sana juu ya faida ya vyakula vyenye nyuzinyuzi. Alifariki tarehe 23 Machi 1993. Ile makala ya 1958 iliyopuuzwa imenukuliwa na watafiti wa dunia nzima, na ugonjwa wenyewe unaitwa kwa jina lake.

Wenzangu, sisi huandika insha, tukapewa alama, daftari likatupwa. Burkitt amenifunza kuwa maandishi hupata uhai yakimfikia mtu wa kuyaendeleza. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Nikitoka shule naenda kuteka maji. Kisima kimoja maji yake ni ya chumvi, cha jirani ni matamu. Kwa nini? Nimeanza kuandika, kisima baada ya kisima. Nani atanisaidia kuchora ramani?