Nabongo Mumia, Mwenyeji wa Misafara ya Pwani

Msafiri anayefika Muhoroni, mji wa miwa ulio kando ya reli ya kwenda Kisumu, hujua ya kuwa Ziwa Nyanza liko karibu. Lakini zamani za misafara ya miguu, kabla ya reli, njia ya babu zetu haikuwa hiyo. Watu wa Pwani waliokwenda Bara kutafuta pembe za ndovu walipitia Baringo, kisha wakaelekea Wanga, kaskazini-magharibi ya Muhoroni. Huko walitua mizigo yao katika mji wa mtu mmoja ambaye kila kiongozi wa msafara alilijua jina lake: Nabongo Mumia.

Nabongo ni cheo cha mfalme wa Wawanga. Mumia alikikalia kiti hicho mwanzoni mwa miaka ya 1880, baada ya kufariki baba yake, Shiundu. Waswahili walikwisha kuanza kufika tangu enzi za Shiundu, na mji wakauita Kwa Sundu. Basi kijana aliurithi ufalme pamoja na wageni wake. Baadaye mji ukaitwa kwa jina lake mwenyewe, na ndio Mumias ya leo.

Yafaa tukumbuke safari ile ilikuwaje. Kutoka Pwani hadi Wanga ilikuwa kazi ya miezi, na msafara ulifika watu wamechoka na chakula kimewaishia. Kwa Mumia walipata nafaka, kuku na mahali pa kulala bila hofu. Walikaa wakipumzika na kununua chakula cha safari iliyobaki. Wengine hawakuondoka tena. Walioa, wakazaa, wakawa wenyeji. Kwa ujirani huo Wawanga walizoea kanzu na kofia, na Kiswahili kikasikika katika baraza ya mfalme.

Tusifiche, hata hivyo, kwamba misafara hiyo haikuleta heri tupu. Pamoja na nguo na shanga zilikuja bunduki, na pamoja na biashara ya pembe kulikuwako biashara ya watumwa. Mumia naye alikuwa na maadui jirani, hasa Wajaluo wa Ugenya, na mgeni mwenye bunduki alimfaa.

Wazungu walifuata nyayo za Waswahili. Joseph Thomson alifika mwaka 1883, akiongozwa na watu wa Pwani. Mwaka 1885 alikuja Askofu James Hannington, akawaacha hapo wengi wa watu wake, akaendelea na wachache hadi Busoga, alikouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kila mmoja wao Mumia alimpokea kama alivyozoea kumpokea mgeni.

Lakini mgeni aliyekuja mwaka 1895 hakuwa mpita njia. Charles Hobley aliwekwa Mumias kuwa mtawala kwa niaba ya Waingereza. Mwaka huo huo wapiganaji wa Wanga walifuatana na majeshi ya serikali kuwapiga Wabukusu, vita ambavyo wajukuu wa walioshindwa hawajavisahau. Mumia aliona amepata rafiki mwenye nguvu, na kweli mwaka 1909 alifanywa Chifu Mkuu, akawa na mamlaka juu ya watu wengi ambao baba yake hakuwatawala. Ila sasa mamlaka hayo yalikuwa ya kupewa, na cha kupewa hunyang'anywa.

Mwaka 1901 reli ilipita Muhoroni ikafika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu. Toka hapo mtu wa Uganda alipanda meli, hakuwa na haja ya kupita Wanga. Misafara ikafa. Mwaka 1920 ofisi ya wilaya nayo ikahamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega. Yule aliyewapokea watu wote akabaki mzee katika mji usio na wapitaji.

Kitu kimoja hakikuondoka na misafara. Waswahili waliobaki walisomesha dini, na mwanzoni mwa karne ya 20 Mumia mwenyewe alisilimu, akachukua jina la Muhammad. Wengi katika jamaa zake wakamfuata, na Mumias ikawa kitovu cha Uislamu katika sehemu zile za magharibi. Alifariki mwaka 1949, akiwa mzee sana.

Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Maisha ya Mumia yanatufundisha kuupima msemo huo. Mgeni aliyekuja na jeshi alimpa cheo, kisha akamwachia jina tupu. Mgeni aliyekula naye, akaoa kwake na kusali kwake, alimwachia adhana, nayo ingali ikisikika Mumias mpaka leo. Sisi wa Pwani tunaposikia habari za mji huo, tujue kwamba tuna ndugu huko, na kwamba deni la ukarimu ule ni letu.