Épictète, mutumwa aliyelinda roho yake



Hapa Luofu, kila mara shimo likianguka, sisi watu wa sendika tunasikia maneno mawili. Mumoja anasema: tungefanya nini, njo vile ilipangwa. Mwengine anatafuta tu mutu wa kupiga. Tunaona kuna njia ya tatu, na mutu aliyeifundisha vizuri alikuwa mutumwa. Jina lake Épictète.

Alizaliwa karibu mwaka wa 50 kisha kuzaliwa kwa Yesu, katika muji wa Hiérapolis, kwenye inchi inayoitwa leo Uturuki. Hata jina lake, katika Kigiriki, maana yake ni aliyepatikana, kama vile kitu kilichonunuliwa. Bwana wake, Épaphrodite, alikuwa naye mutumwa wa zamani. Aliachiliwa, akapanda cheo, akawa karani wa Kaisari Néron kule Roma. Mutu ametoka chini, akanunua wengine: mambo kama hayo hata kwenye mashimo yetu yako.

Épictète alikuwa kilema wa muguu. Wamoja wanasimulia kwamba bwana wake njo aliuvunja, wengine wanasema ulikuwa ugonjwa.

Angali mutumwa, alienda kumusikiliza mwalimu Musonius Rufus, akajifunza filozofia ya Wastoa. Lile neno filozofia lisituogopeshe. Kwa Wagiriki wa zamani ilikuwa mazoezi ya kila siku, sawa vile fundi anazoeza mukono wake. Na zoezi kubwa lilikuwa kutafakari: kukaa kimya kidogo na kupima mawazo yako mwenyewe, mbele hayajakupeleka mbali.

Alipoachiliwa huru, akafundisha Roma. Lakini Kaisari Domitien akafukuza wanafilozofia, karibu na mwaka wa 93. Épictète akaenda Nicopolis, katika Ugiriki. Sisi watu wa Luofu, tulioona nyumba zikichomwa mwaka wa 2009 na tuliokimbia mara nyingi na godoro kichwani, tunajua ni nini kuanza upya kwa watu. Yeye alifungua shule, na vijana wa jamaa kubwa wakatoka mbali kuja kufundishwa na kilema aliyekuwa mutumwa.

Aliwazoeza mambo matatu.

La kwanza, kutenganisha yale yanayotutegemea na yale yasiyotutegemea. Mwili, mali, cheo, sifa: vyote vinaweza kunyanganywa. Lakini yale tunayoyakubali, tunayoyataka na tunayoyakataa ni yetu. Hata bwana mwenye minyororo hawezi kuyachukua.

La pili, mbele ya kwenda mahali, kuona kwanza katika akili mambo yatakayokuwa kule. Alitoa mufano wa bafu la watu wote: kule watu wanarushiana maji, wanasukumana, wanatukanana, wanaiba. Aliyefikiri hayo mapema hashituki. Sisi tuseme hivi: mbele ya kupeleka dhahabu kwa munuzi, ujue kwamba mizani inaweza kuchezewa, bei inaweza kuwa imeshuka, na PDG wa shimo anangojea fungu lake. Ukifika, hasira haitakupanda, utahesabu vizuri.

La tatu, usiku mbele ya usingizi, kupitia siku yote, sawa vile mwenye duka anafungua kaye yake ya madeni.

Yeye mwenyewe alianza na vidogo. Mwizi alipoiba taa yake ya chuma, alinunua ya udongo, akaendelea. Kisha kifo chake, mutu mumoja alinunua ile taa ya udongo kwa drachme 3000, akizani hekima itamuingia. Watu walimucheka. Hekima inatafutwa kwa mazoezi, haiuzwe sokoni.

Aliishi bila mali mingi. Katika uzee wake alichukua mutoto aliyekuwa anataka kutupwa, akamulea. Alikufa karibu mwaka wa 135. Hakuandika kitabu, mwanafunzi wake Arrien njo aliandika mafundisho yake. Kaisari Marc Aurèle, aliyetawala tangu 161 mpaka 180, aliyasoma, akajifunza kwa mutu aliyekuwa mali ya mwengine.

Sasa tuseme wazi. Épictète hakupigania kuondoa utumwa, na hapo sisi hatumufuati. Mukubwa anaweza kumutumia vibaya na kusema: muchimbaji, tulia, mambo hayakutegemei. Lakini huko ni kumusoma nusu. Alifundisha pia kwamba kila mutu ana kazi yake kama muzazi, kama ndugu, kama mwana-inchi, na hana ruhusa ya kuiacha.

Kuna siku tuliona ufa kwenye ukuta wa shimo, nyuma ya mvua ya siku mbili. Tulinyamaza, sababu deni lilikuwa linatukimbiza. Wenzetu wawili walitolewa na mifupa imevunjika. Ule ufa haukututegemea. Kimya chetu kilitutegemea. Usiku ule hatukuweza kusema ilipangwa.

Bei ya dhahabu inapangwa mbali, na mvua inanyesha ikitaka. Lakini kuweka miti ya kushikilia shimo, kukataa kushuka wakati udongo unaanguka, kuandika jina la kila anayeingia, kupelekea mujane chakula: hayo yako mikononi mwetu.

Leo usiku, mbele ya kuzima torshi, tukae dakika chache kimya na kupitia siku. Na kesho asubui, kwenye mudomo wa shimo, aliyeona ufa aseme.