Soichiro Honda: mtoto wa mhunzi na mashindano yaliyokaribia kuangusha kampuni yake

Barabara inayotoka Kasongo kwenda Wamaza mpaka Kabambare inaishi juu ya pikipiki. Chumvi, sabuni, dawa za santé, mgonjwa anayetafuta hospitali, mwalimu anayefuata mshahara wake, wote wanapita mgongoni mwa motari. Pikipiki nyingi za Kichina zinazotembea inchini mwetu zina injini iliyofuata umbo la injini moja ya zamani, Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Basi leo tunasimulia maisha ya mwenye jina lile, na zaidi tunasimulia mradi wake wa kupeleka pikipiki kwenye mashindano ya dunia, yale yanayoitwa Grand Prix. Njo hapo kampuni yake ilikaribia kufa, na njo hapo ilisimama.

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 mwezi wa kumi na moja 1906, katika kijiji cha Komyo karibu na mji wa Hamamatsu, inchini Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi, na baadaye akaongeza kazi ya kutengeneza kinga. Msomaji wa Kasongo anaijua familia ya namna hii: makaa, mvukuto, nyundo, na mtoto anayekuwa mweusi wa masizi kabla ya kujua kusoma. Masomo hayakumpendeza. Mwaka 1922 akaenda Tokyo kujifunza kazi katika garaji moja kubwa, Art Shokai, na miezi ya kwanza hawakumpa ufunguo hata mmoja. Walimpa kulea mtoto wa patron. Akavumilia. Tetemeko kubwa la mwaka 1923 lilipobomoa Tokyo, wafundi wengi wakarudi kwao, na ule kijana akabaki na kazi mingi mikononi. Mwaka 1924 patron wake alimpakia ndani ya gari la mashindano kama fundi wa kukaa pembeni ya dereva, wakashinda. Ugonjwa wa mbio ulimwingia siku ile na haukumtoka.

Mwaka 1928 alirudi Hamamatsu kufungua tawi la ile garaji. Mwaka 1936, kwenye mashindano ya Tamagawa, gari lake liligongana na lingine, yeye na mdogo wake wakaumia vibaya. Hakuendesha tena kama zamani, akageukia chuma. Alitaka kutengeneza zile pete zinazokaa kwenye pistoni, ambazo wafundi wetu wanaita segma. Ukiwa na segma mbovu pikipiki inakula mafuta na kutoa moshi wa buluu, kila motari anajua. Za kwake hazikukubali. Kati ya 50 alizopeleka Toyota kupimwa, ni 3 tu zilizopita. Akiwa mtu mzima, na mke na wafanyakazi nyuma yake, akaenda kukaa kwenye benchi la shule ya ufundi ya Hamamatsu ili ajue chuma kinaundwa namna gani. Alifuata masomo yale aliyohitaji, mitihani akaiacha, na kwa hiyo hawakumpa diplome. Hakuhuzunika hata kidogo. (Wazazi, msiwasomee watoto hiki kipande.)

Vita ikaja. Kiwanda chake cha segma kilipigwa na bomu za Waamerika, kisha mwaka 1945 tetemeko likamaliza yaliyobaki. Akauzia Toyota kilichosalia. Mwaka 1946 Japani ilikuwa njaa tupu, treni zimejaa watu mpaka madirishani, esanse ya kutafuta kwa tochi. Honda akapata vijenereta vya jeshi, vilivyokuwa vya kuwashia radio za askari. Akavifunga kwenye kinga. Ya kwanza kabisa, tangi lake la esanse lilikuwa chupa ya maji ya moto ya nyumbani. Mke wake, Sachi, njo alitumwa kuipima barabarani mbele ya watu. Juu esanse ilikosekana, walichanganya na mafuta yaliyotolewa kwenye mizizi ya miti ya misonobari, na moshi wake ulikuwa hatari. Lakini watu walinunua, mpaka vijenereta vikaisha, akaanza kuunda injini yake mwenyewe. Mwezi wa tisa 1948 kampuni ya Honda Motor ikazaliwa, na mwaka uliofuata akaingia Takeo Fujisawa, mtu wa hesabu na biashara. Kuanzia hapo Soichiro alikaa na injini, Fujisawa akakaa na pesa. Bila huyu wa pili, wa kwanza angefilisika mapema sana.

Na kweli ilibakia kidogo. Kampuni ilikuwa imeagiza mashine za kukata chuma kutoka Ulaya na Marekani kwa bei ya zaidi ya yen milioni 400, mara nyingi kuliko mtaji wake. Mwaka 1954 pikipiki zake mpya zikawa na matatizo, wateja wakapungua, madeni yakafika siku yake. Ni katika mwezi wa tatu wa mwaka ule ule Honda alitoa tangazo kwa wafanyakazi wote kwamba kampuni itakwenda kushindana kwenye Tourist Trophy, mashindano ya kisiwa cha Man, karibu na Uingereza, na itashinda. Mtu mwenye madeni anatangaza safari ya mbali: hapa kwetu tungemwita kichaa. Fujisawa lakini alikuwa nyuma yake, juu wafanyakazi walihitaji kitu cha kushika wakati bwana wa benki anagonga mlango.

Mwezi wa sita Honda mwenyewe akaenda kisiwani kutazama, akarudisha kichwa chini. Injini za NSU za Ujerumani, za ukubwa sawa na zake, zilitoa nguvu mara tatu hivi. Akanunua Ulaya sheni, karibiratera, mipira na vyuma vingine, akarudi navyo Japani ili vijana wake wavifungue na kuvichunguza. Ilichukua miaka 5. Hata nyumbani walipigwa kwanza: kwenye barabara ya vumbi la volkano kule Asama, mwaka 1955 na mwaka 1957, Yamaha iliwashinda kwenye daraja la 125.

Tueleze kidogo. Mashindano ya dunia ya pikipiki yalianza 1949, na yanagawanywa kwa ukubwa wa injini. Pikipiki ya kazi hapa Kasongo mara nyingi ni 125 ama 150. Ile ambayo Honda alipeleka kisiwani mwaka 1959, RC142, ilikuwa nayo 125. Tofauti iko ndani. Ya motari ina silinda 1 na supapu 2, na nguvu yake yote imetoka kabla ya mizunguko 10,000 kwa dakika. RC142 ilikuwa na silinda 2, kila moja supapu 4, ikafika mizunguko 13,000 na nguvu ya farasi karibu 18. Wengine walitumia injini ya mapigo mawili, ile ya kuchanganya mafuta na esanse, ambayo inalipua kila mzunguko. Honda aliikataa kwa pikipiki zake za mbio za wakati ule. Alishika mapigo manne, ambayo inalipua mara moja kwa mizunguko miwili. Kwa hiyo, ili alingane na wenzake, ilibidi injini yake izunguke haraka mara mbili. Na ili izunguke hivyo bila kupasuka, pistoni lazima iwe nyepesi, yaani ndogo, na zikiwa ndogo ziwe nyingi. Hesabu yote ya pikipiki zake za mbio inatoka hapo.

Mwaka 1959, Naomi Taniguchi alimaliza wa 6, na wenzake Wajapani wakawa wa 7, wa 8 na wa 11. Wakapata zawadi ya timu. Kwa watu waliofika mara ya kwanza, na barabara wasiyoijua, haikuwa kidogo. Mwaka 1961, huko Barcelona, Mwaustralia Tom Phillis akaipa Honda ushindi wa kwanza wa Grand Prix, kisha Kunimitsu Takahashi akawa Mjapani wa kwanza kushinda, inchini Ujerumani. Na kule kisiwani, ile ahadi ya 1954 ikalipwa: Mike Hailwood akashinda daraja la 125 na la 250 kwa pikipiki za Honda, na katika yote mawili nafasi 5 za kwanza zikawa za Honda. Mwisho wa mwaka Phillis alikuwa bingwa wa dunia wa 125, Hailwood wa 250.

Mwaka mmoja baadaye Phillis alikufa kwenye barabara ile ile ya kisiwa cha Man, juu ya Honda. Mwaka 1960 Bob Brown naye alikuwa amekufa Ujerumani akijaribu pikipiki ya Honda. Ile mbio ilipita kati ya kuta za mawe na milango ya nyumba za watu, hakuna kofia wala koti ya kuokoa mtu hapo. Nafikiri wanaosimulia historia ya Honda wanapita haraka mno juu ya majina haya mawili. Rafiki wa Phillis, Jim Redman, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Rhodesia, inchi inayoitwa leo Zimbabwe, aliendelea, akachukua mataji 6 ya dunia kwa Honda kati ya 1962 na 1965.

Wapinzani wa mapigo mawili, Suzuki na Yamaha, walizidi kukaribia. Jibu la Honda likawa kuongeza silinda. Mwezi wa tisa 1964, Monza, Italia, walileta 250 yenye silinda 6. Silinda moja yake ilikuwa na sentimita 41 hivi za ujazo, ndogo kuliko kikombe cha chai. Ile ya 1966, RC166, ilikuwa na supapu 24, mizunguko 18,000 kwa dakika, na nguvu ya farasi karibu 60. Hailwood aliingia nayo mbio 10 za daraja la 250 mwaka ule, akashinda zote 10. Mwaka huo 1966 Honda ilichukua taji la watengenezaji katika madaraja yote 5: 50, 125, 250, 350 na 500. Hakuna kampuni nyingine iliyofika pale. Baada ya msimu wa 1967 wakaondoka, wakiwa na ushindi 138.

Tusimfanye malaika. Honda alikuwa mkali, alipiga wafundi mbele ya wengine. Na alikuwa mbishi. Alishikilia kwamba injini ipozwe na upepo, maji hapana. Gari lake la Formula 1 la namna hiyo liliungua mwaka 1968 huko Rouen, Ufaransa, na Mfaransa Jo Schlesser akafia ndani. Hata vile aliendelea kubishana na vijana wake juu ya magari ya kuuza, mpaka Fujisawa alipomuuliza kama yeye ni mkubwa wa kampuni ama ni fundi. Akakubali maji.

Faida ya mbio kwa mtu wa kawaida ilipita njia nyingine. Super Cub ya 1958, pikipiki ndogo ya mapigo manne, iliuzwa dunia nzima wakati jina la Honda linasikika kwenye mashindano. CG125 nayo ilizaliwa baada ya wafundi wa Honda kutembelea inchi maskini na kuona kwamba watu hawabadilishi mafuta wala hawasafishi filta. Wakatoa ile sheni ya ndani inayosukuma supapu, wakaweka fimbo za chuma zinazovumilia. Njo sababu Wachina waliipenda.

Mwaka 1973 Honda na Fujisawa waliacha kazi pamoja. Kiti hakikwenda kwa mtoto: kilimwendea Kiyoshi Kawashima, aliyeongoza timu ya kisiwa cha Man mwaka 1959. Mzee akazunguka Japani kushukuru wafanyakazi, duka kwa duka. Mwaka 1979 kampuni ilirudi Grand Prix na injini ya mapigo manne, NR500, haikushinda Grand Prix hata moja. Mwaka 1983 Freddie Spencer akawa bingwa wa 500 juu ya Honda, injini ya mapigo mawili.

Soichiro Honda alikufa tarehe 5 mwezi wa nane 1991. Alikuwa ameagiza kwamba kampuni isifanye mazishi makubwa, juu magari ya waombolezaji yangefunga barabara na kuzuia watu.